Hela za TV zimeinua ligi yetu, ila kipa na straika wa Stars bado hazijawafikia

Kila Taifa Stars wakipoteza mechi hoja ni ileile, kwamba ligi yetu ina mpunga kuliko majirani wote alafu timu ya taifa haifungi magoli, hela zinaenda wapi. Upande wa pili wapo wanaosema acheni kelele, ligi imekua, Simba na Yanga wanacheza fainali za Afrika, mnataka nini tena. Mimi naona kila upande umeshika ukweli nusu, na jambo hili limenikaa kichwani toka CHAN ya Agosti 2025 (mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani), AFCON ya Morocco ikalikoleza, kwa hiyo leo naliandika lote. Ni refu kidogo, mtanivumilia.

Hela zenyewe kwanza. Mei 2021 TFF, shirikisho letu la soka, walisaini na Azam Media mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Ukipiga hesabu ya kawaida ni kama bilioni 22 na nusu kwa mwaka, na bingwa wa msimu wa kwanza wa mkataba ule alitengewa milioni 500. Mwaka huohuo benki ya NBC wakaingia kudhamini ligi kwa bilioni 2.5. Aliyeanza kufuatilia Ligi Kuu miaka hii hawezi kupata picha ya tulikotoka. Timu ya mkoani ilikuwa inaishi kwa siku mbili tu za msimu, siku Simba anakuja na siku Yanga anakuja, hapo ndo mapato ya mlangoni yanalipa madeni ya hoteli na posho zilizolala, siku zingine zote jukwaani watu wa kuhesabu na wachezaji wanadai. Safari ya Dar mpaka Bukoba ni basi, mnafika miguu imevimba, kesho yake mnacheza. Azam TV walipoingia kwenye ligi 2013 Yanga waligoma kuupokea ule mkataba wa kwanza, leo sidhani kama ipo klabu inayoweza kuandaa bajeti bila ile hela ya kila mwezi.

Na TV haikuleta hela peke yake. Kamera ikiwa uwanjani refa anajua kesho mtaa mzima utarudia ile penati mara 20, uwanja mbovu unaonekana nchi nzima na Bodi ya Ligi inapata aibu ya kuufungia, winga wa Namungo anaonekana na wakala aliyekaa Casablanca. Mtu wa Tandahimba anamjua beki wa Dodoma Jiji kwa jina. Hivi vitu havikuwepo, na anayesema Azam hawajafanya kitu naona anamkosea haki mtu aliyefanya kazi.

Matunda kwenye klabu yanaonekana. Simba wameingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa 2019, 2021, 2023 na 2024, katikati pale 2022 robo ya Kombe la Shirikisho, alafu 2025 fainali kabisa ya Shirikisho na Berkane ya Morocco, mechi ya marudiano ikapigwa Zanzibar. Yanga ndo waliotangulia fainali hiyo ya Shirikisho, 2023 na USM Alger ya Algeria. Kwa Mkapa tukafungwa 2-1, watu wakajua imeisha, wiki ile ile Wananchi, yaani Yanga, wakaenda Algiers wakashinda 1-0 kwenye uwanja wa watu, kombe likaondoka kwa kanuni ya goli la ugenini tu. Mwaka uliofuata wakatolewa na Mamelodi Sundowns robo fainali ya Mabingwa kwa matuta baada ya lile goli la Aziz Ki kukataliwa, mpaka leo watu wanalibishania. Nchi yetu sasa inaingiza timu nne kwenye mashindano ya klabu ya CAF, shirikisho la soka Afrika. Miaka 10 nyuma tulikuwa tunashangilia timu ikivuka raundi ya kwanza. Hapa hakuna ubishi, hela imefanya kazi.

Sasa njoo kwa Stars. AFCON tumeenda mara nne: 1980, kisha tukakaa miaka 39, 2019, 2023 na hii ya 2025. Toka mkataba mkubwa usainiwe hatujakosa kufuzu hata moja, ukiacha ile ya Cameroon ambayo mechi zake za kufuzu zilikuwa zimeshaisha kabla ya kusaini, na hilo ni jambo kubwa. Morocco juzi tumevuka makundi kwa mara ya kwanza kwenye historia yetu, tukaenda kutolewa na wenyeji 1-0 kwa goli la Brahim Diaz. Nilifurahi kama kila mtu. Lakini tulivuka na pointi mbili, tumefungwa na Nigeria 2-1, sare na Uganda, sare na Tunisia, na mpaka naandika hapa Tanzania haijawahi kushinda mechi hata moja ya AFCON. Mashindano manne, hakuna ushindi. Na yale magoli matatu tuliyofunga kule Morocco ukiyafuatilia walioyafunga ni Charles M'Mombwa ambaye soka lake kalikuzia Australia, Saimon Msuva ambaye anacheza Iraq, na Feisal Salum wa Azam. Kwenye wafungaji watatu, mmoja tu ndo wa ligi hii ya mabilioni.

CHAN ndo kipimo kizuri zaidi kwa sababu pale hakuna wa kujificha nyuma ya wachezaji wa Ulaya, kila nchi inaleta wa ligi ya ndani tu. Kwa hela peke yake sisi tulipaswa kuwa mbele ya karibu wote walioko kwenye kundi letu, na kweli tuliongoza kundi, Burkina Faso 2-0, Mauritania 1-0 kwa goli la Kapombe dakika za mwisho kabisa, Madagascar 2-1, sare na Afrika ya Kati. Robo fainali kwa Mkapa, Morocco 1-0, kwaheri. Sasa ona kilichofuata. Madagascar tuliowafunga sisi, nchi ambayo ligi yake haina hata robo ya mkwanja wa ligi yetu, wakaenda mpaka fainali na wakawafunga Morocco magoli mawili kabla ya kulala 3-2. Na Kenya, ambao wamepita kwenye jangwa la haki za matangazo kwa miaka, waliwafunga Morocco haohao 1-0 pale Kasarani, goli la Ryan Ogam.

Kenya inafaa kuangaliwa vizuri maana wao wameonja vyote viwili, kupata na kukosa. Kipindi cha SuperSport ligi yao ilikuwa ndo ya kutazamwa ukanda huu, sisi tulikuwa tunaitamani kabisa, Gor Mahia wanachukua ubingwa 2015 bila kufungwa na Olunga anapasua nyavu kabla ya kwenda Sweden. 2017 SuperSport wakaondoka baada ya mvutano wa kuongeza timu kwenye ligi, 2019 SportPesa nao wakaacha udhamini kwa ajili ya ugomvi wao wa kodi na serikali, klabu zikabaki zinachangisha nauli. Lakini mwaka huohuo 2019 Harambee Stars walikuwa AFCON baada ya miaka 15, na kundini walitufunga 3-2. Kwa hiyo wale waliokuzwa na hela ya 2010 mpaka 2016 ndo waliokuja kuzaa matunda wakati hela yenyewe imeshaondoka. Hela ya TV kwenye timu ya taifa inachelewa sana kuonekana, inaweza kuchukua miaka sita saba, na watu wanaohukumu mkataba wa 2021 kwa matokeo ya 2023 walikuwa wanaharakisha mno.

Ila kuchelewa ni jambo moja, kuelekea njia nyingine ni jambo lingine. Na hapa ndo penye kidonda changu. Kanuni zetu zinaruhusu klabu kusajili wageni 12. Klabu ikipata hela inafanya kitu cha akili kabisa kwa upande wake, inaenda kununua mtu aliyeiva, na wanaonunuliwa kwanza ni kipa na washambuliaji kwa sababu hao ndo wanaoamua mechi na ndo wanaouza jezi. Tazama milangoni. Yanga toka 2021 wana Djigui Diarra wa Mali. Simba walikuwa na Aishi Manula, 2023 akaumia, akaja Ayoub Lakred kutoka Morocco, kisha Moussa Camara kutoka Guinea. Azam wakamleta Mohamed Mustafa wa Sudan. Timu tatu kubwa, milango mitatu, hakukuwa na kipa namba moja Mtanzania. Na mechi ngumu za CAF, zile zinazomkomaza kipa kweli, za kwenda Algiers au Cairo huku laser inakupiga machoni, zinachezwa na hizohizo timu. AFCON ya Ivory Coast, Januari 2024, kipa namba moja wa Mali alikuwa Diarra wetu. Namkubali sana Diarra, ni kipa hasa, ila ukweli ni kwamba vifurushi vya ving'amuzi vyetu vimesaidia kumkomaza kipa wa Mali.

Na kipa wa Stars kwenye CHAN alitoka wapi? Yakoub Suleiman, alitoka JKT Tanzania. Timu ya jeshi, haisajili wageni, kwa hiyo mlango wake lazima akae Mtanzania apende asipende, anakosea anacheza tena wiki ijayo, anakosea anacheza tena. Kwenye mechi nne za makundi Stars waliruhusu goli moja. Mashindano yalipoisha yeye ni mchezaji wa Simba, na Camara alikuwa bado yupo palepale.

Upande wa magoli ni vilevile. Mfungaji bora Mtanzania wa mwisho kabla ya wageni kulikalia lile tuzo ni George Mpole wa Geita Gold, magoli 17, msimu wa 2021/22, msimu uleule wa kwanza wa mkataba mnono, akimzidi Mayele wa Yanga kwa goli moja. Baada ya hapo Mayele wa Congo na Saido wa Burundi wakagawana, kisha Aziz Ki wa Burkina Faso na 21, kisha Ahoua wa Ivory Coast na 16. Tuwe wakweli, tabia hii haikuanza na Azam, Okwi Mganda na Kagere Mnyarwanda walishafanya hivyo kabla, Kagere misimu miwili mfululizo. Hela imeikoleza tu. Zamani klabu ingeweza kumleta straika mmoja mgeni wa maana, sasa inaleta watatu na winga wawili juu yake.

Kuna upande wa pili wa hili ambao watu hawautaji na mimi nauona ni mzuri. Angalia mabeki. Dickson Job, Bacca, Zimbwe, Kapombe, hawa ni mabeki wa kuaminika Afrika hii na wote wamekulia humuhumu ndani, na sababu yake naona ni hiyohiyo hela ya wageni: ukifanya mazoezi kila asubuhi unamkaba Mayele, jioni ya mechi straika wa kawaida hakusumbui. Stars ya miaka hii ni ngumu kufungika kuliko zamani, Congo tuliwabana 0-0 pale Ivory Coast, na ugumu huo umetengenezwa Avic Town na Bunju, kwenye viwanja vya mazoezi vya Yanga na Simba. Hata Clement Mzize, aliyewafunga Madagascar mara mbili, kapandishwa kutoka vijana wa Yanga akakaa nyuma ya Mayele akajifunza. Kwa hiyo mgeni mzuri anafundisha. Anayesema wafukuzwe wote hajui anachokisema. Shida ni kwamba anafundisha wale wanaopata nafasi ya kucheza karibu naye, na kipa wa pili hachezi.

Namfahamu kocha mmoja wa vijana, sitataja jina wala mtaa. Alikuwa na kipa wa miaka 16, mrefu, mikono mizuri, anaongea golini kama mtu mzima. Kila akipeleka vijana wake kwenye majaribio anaulizwa una winga wa kasi, una kiungo anayepiga pasi, kipa hakuna anayemuulizia. Akasubiri, akasubiri, mwisho kamhamishia beki wa kati. Kijana anacheza beki vizuri tu sasa hivi. Kocha akaniambia hawezi kumdanganya mtoto wa watu kwamba golini kuna maisha. Mimi sikuwa na la kumjibu, maana soko ndo lilivyo na yeye analisoma kila siku.

Tena angalia Mtibwa Sugar. Mabingwa 1999 na 2000, na kwa miaka yote baada ya hapo ndo kiwanda cha vipaji, Job alitoka pale, Kibwana Shomari alitoka pale, na Job huyo ndo alikuwa nahodha wa Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, kwenye AFCON ya vijana Gabon 2017. 2024 Mtibwa wakashuka daraja. Wamesharudi, lakini kushuka kwao katikati ya miaka yenye hela nyingi kuliko zote kwenye historia ya ligi kunapaswa kumuumiza kila anayeipenda Stars. Kanuni za sasa hazimpi mtu faida kwa kumlea Job, zinampa faida kwa kumaliza nafasi ya juu. Timu inayolea inauza kijana kwa bei ya chini ili ilipe mishahara, inabaki na wengine wadogo zaidi, inafungwa.

Watu wakisikia hivi wanasema basi ukipunguza wageni Simba na Yanga watarudi kutolewa raundi ya kwanza. Sawa, twende Afrika Kusini. Wale walipata hela ya TV kabla yetu na nyingi kuliko yetu, 2007 SuperSport waliweka randi bilioni 1.6 kwa miaka mitano. Matokeo ya haraka kwa Bafana, timu yao ya taifa, yalikuwa mabaya, wakakosa AFCON 2010, wakakosa 2012, wakakosa 2017 na 2021, Kombe la Dunia wakalicheza 2010 kwa sababu ni wenyeji kisha wakapotea. Kila mtu alikuwa anawacheka, ligi tajiri timu ya taifa hovyo, yaani maneno yaleyale tunayoambiwa sisi. Lakini kuna kitu kimoja hawakukiachia, klabu inasajili wageni watano tu. Hela yote ile ikalazimika kutafuta Msauzi. Ikachukua miaka, ila ilipofika Februari 2024 Bafana wakachukua shaba ya AFCON na timu iliyojaa wachezaji wa Sundowns, golini Ronwen Williams akidaka penati nne kwenye matuta na Cape Verde, na sasa wamefuzu Kombe la Dunia la 2026 wenyewe, bila kubebwa na uenyeji. Na Sundowns hawakufa kwa kuwa na wageni wachache, 2025 walikuwa fainali ya Mabingwa, wakafungwa na Pyramids ya Misri ambayo goli moja la marudiano kafunga Mayele aliyetoka kwetu.

Misri wameenda mbali zaidi, kwenye ligi yao kipa wa kigeni haruhusiwi kabisa. Ndo maana hujawahi kuona Misri inahangaika na kipa. Akiondoka El Hadary yupo El Shenawy, akichoka yupo mwingine aliyedaka miaka mitano mfululizo Al Ahly au Zamalek.

Na Wajerumani nao. Baada ya kuaibika Euro 2000 walizilazimisha klabu za Bundesliga ziwe na akademi, hakuna akademi hakuna leseni. Mwaka 2002 kampuni ya Kirch iliyokuwa inalipa haki za TV ikafilisika, hela zikakatika ghafla, klabu hazikuwa na uwezo wa kununua wageni kama zamani, zikageukia wale watoto waliokuwa wameshaanza kulelewa. Wengi wa kizazi kilichobeba Kombe la Dunia 2014 ni watoto wa mfumo ule. Sisemi tuombe Azam wafilisike, Mungu apishe mbali! Nasema sharti lilikuwa limeshaandikwa kabla hela haijakatika, na ndo lililowaokoa.

Sisi CAF wanadai klabu iwe na timu ya vijana ili ipate leseni, na klabu zinazo, kwenye karatasi zipo. Ninachotaka mimi ni hela ya TV iangalie karatasi hiyo. Sehemu ya mgao wa kila klabu, hata moja ya tano, ilipwe kwa dakika ambazo vijana wa chini ya miaka 21 wamecheza Ligi Kuu, dakika halisi za uwanjani ambazo Azam wenyewe wanazo kwenye rekodi zao. Mtibwa wakicheza na vijana sita walipwe kwa hao sita. Job akiuzwa mara ya pili na ya tatu, asilimia ya malezi irudi Manungu kwa Mtibwa bila mtu kwenda kubembeleza ofisini. Wageni washushwe kutoka 12 mpaka nane kwa misimu mitatu, taratibu, mikataba iliyopo iishe yenyewe. Na golini tufanye kama Misri, toka msimu ambao mikataba ya makipa waliopo itakuwa imekwisha, ili Diarra na makipa wageni wenzake wamalize kazi yao kwa heshima wanayostahili na anayefuata baada yao awe Yakoub au mtoto ambaye sasa hivi yuko kidato cha pili huko Kahama anajirusha kwenye vumbi.

Klabu kubwa zitapiga kelele na nazielewa, zina mashabiki wanaotaka kombe msimu huu. Ila AFCON ya 2027 tunaiandaa sisi na Kenya na Uganda, na mkataba wa Azam unafika mwisho 2031, mazungumzo ya mkataba utakaofuata yataanza kabla ya hapo. TFF wana nguvu kubwa zaidi ya kuweka masharti siku ile kabla kalamu haijagusa karatasi, na klabu zote 16 zitasaini kwa sababu zote zinaihitaji ile hela. Sharti la kipa liwe la kwanza kwenye orodha.